Saa Sabini na Mbili Mlangoni kwa Fomeni

Mimi nilizaliwa na ugonjwa wa kujibu kabla swali halijaisha. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nikiwa mdogo niliitika hata walipoitwa watoto wa jirani. Ugonjwa huo ndio ulionifanya, mwaka wa 2007, nichaguliwe kuwa mwelimishaji wa wenzangu katika shamba la maua nililofanyia kazi kando ya Ziwa Naivasha. Meneja wa wafanyakazi alisimama mbele yetu akauliza ni nani anajua kusoma Kiingereza na haoni haya kusema mbele za watu. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafika kwenye kuona haya.

Kazi yangu ya kila siku ilikuwa kukagua waridi. Nilipita katikati ya mistari ndani ya grinihausi, zile nyumba za plastiki za kukuzia maua, nikapindua majani, nikatafuta utitiri na ukungu, nikaandika. Ilikuwa wiki moja baada ya Valentaini. Maua ya wapenzi wa Ulaya yalikuwa yameshaondoka kwa ndege, na sisi tulioyakata tulibaki na miiba vidoleni na hamu ya kulala. Katika hali hiyo ndipo nilipopelekwa Naivasha mjini kwa mafunzo ya siku moja, ndani ya ukumbi wa kanisa wa mabati.

Asubuhi nilikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote. Niliuliza maswali, nikajibu ya wengine. Mada ya vidonge vya dharura, vile mwanamke anavyomeza kuzuia mimba mambo yakishaenda kombo, iliwekwa baada ya chakula cha mchana, na chakula chenyewe kilikuwa ugali na samaki mzima kwa kila mtu. Sitaki kujitetea. Lakini yule ambaye hajawahi kusikiliza somo juu ya samaki mzima, chini ya mabati, jua la mwezi wa pili likiwaka, asinihukumu haraka. Nilisinzia. Nilipozinduka mwalimu alikuwa anafuta ubao, nikanakili mbio mbio kutoka daftari la aliyekaa kando yangu: "Vidonge viwili. Saa 72." Nikapiga mstari chini yake mara mbili, maana kitu ukikipigia mstari huonekana umekielewa.

Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, saa ya chakula, nilisimama mbele ya wanawake wa shamba kwenye kibanda cha kufungia maua. Nilieleza kuhusu mpira, sindano na vidonge vya kila siku, na nilieleza vizuri. Nilipofika kwenye vile vya dharura nikasema vipo, ni viwili, vinauzwa duka la dawa, na vina masaa yake, sabini na mbili. Mwanamke mmoja wa kupanga maua akauliza, masaa ya nini? Ndio hapo ugonjwa wangu ulipopanda.

"Masaa ni masaa," nikamwambia. "Si mnajua kibao cha Fomeni? Basi, hivyo hivyo."

Wote wakacheka na kutikisa vichwa, nami nikaketi nikijiona mwalimu wa kuzaliwa. Kuanzia siku hiyo wakaniita Ticha.

Lazima nieleze kibao cha Fomeni, kwa sababu bila hicho hakuna kisa. Grinihausi ikipigwa dawa ya wadudu, hakuna mtu anayeruhusiwa kuingia hadi sumu itulie. Kwa hiyo mlangoni hutundikwa kitambaa chekundu na kibao kilichoandikwa kwa chaki: dawa imepigwa saa ngapi, na watu wataingia saa ngapi. Ukiingia kabla ya saa hiyo, unafutwa kazi, na pengine unalazwa. Katika shamba letu mtu wa kuandika vibao hivyo alikuwa fomeni wa kikosi cha dawa, mwanamume mrefu, mkimya, aliyevaa saa mbili, moja kwa kila mkono, ili zikaguane. Siku moja wageni kutoka Ulaya, wanunuzi wenyewe wa maua yetu, waliletwa na meneja mkuu kutazama waridi jekundu. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano. Fomeni alisimama mlangoni akawaambia kwa adabu sana wangoje, nao wakangoja juani na kofia zao, meneja akiwa amekunja uso kama aliyelamba shubiri. Baadaye wageni wale walimsifu kwa barua. Tangu hapo hakuna aliyemwambia Fomeni chochote kuhusu saa.

Fomeni huyu alikuwa jirani yangu. Tulipanga ploti moja kule Kamere, vyumba kumi vinavyotazamana na bomba la maji katikati. Mimi cha tano, yeye na mke wake na watoto watatu cha tatu. Mke wake alikuwa akipanga maua kwa urefu kwenye kibanda, na alikuwa ndiye rafiki yangu mkubwa pale. Nilimwita dada, kwa kuwa alinizidi miaka tisa na alinipikia nilipokuwa mvivu, yaani mara nyingi. Mtoto wao wa mwisho alikuwa na miezi minane. Alizaliwa kwa upasuaji huko Nakuru, kama yule aliyemtangulia, na safari hii dada alivuja damu hadi hospitali ikapungukiwa damu ya kumwongezea. Kwa wiki mbili nililala na wale watoto wakubwa chumbani kwao, nikawadanganya kila jioni kwamba mama yao anakuja kesho. Aliporudi alikuwa mwepesi hata nikaogopa kumkumbatia. Daktari alimwambia tumbo hilo lipumzike miaka miwili, akamwambia mbele ya mumewe, akamwambia mara ya pili: mimba nyingine kabla ya hapo inaweza kumwua.

Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya tahadhari. Walikuwa wakitumia mpira, wakingoja msongamano wa Valentaini uishe dada apate ruhusa ya kwenda kuchomwa sindano. Nilijua hayo yote, maana wanawake wanaofua pamoja hawana siri. Nilichokuwa sijui ni kilichotokea Jumapili iliyofuata somo langu.

Jumatatu asubuhi, nikienda kazini, niliona maandishi ya chaki juu ya mlango wa chumba cha tatu. Hati ilikuwa ya Fomeni, herufi kubwa zilizosimama wima:

IMEPIGWA: JUMAPILI SAA 4 ASUBUHI.
KUINGIA: JUMATANO SAA 4 ASUBUHI.

Nilidhani wamepuliza dawa ya kunguni. Ploti nzima ilidhani hivyo. Nyanya mmoja wa chumba cha kwanza, ambaye kunguni walikuwa wamemmaliza, alimsimamisha Fomeni akamwuliza ni dawa gani na kama imebaki kidogo. Fomeni alimjibu kwamba haijabaki. Nyanya akaona ajabu kwamba watu wamelala ndani ya sumu pamoja na mtoto mchanga, akasema kweli watu wa dawa wameshazoea.

Jumanne nilitoka kazini mapema. Saa kumi jioni nilikuwa bombani nachota maji, dada akaniita ndani. Fomeni alikuwepo pia, amekaa kwenye kiti akiwa bado na gamubuti, jambo ambalo si la kawaida yake. Dada alifunga mlango. Akanieleza kwa sauti ya chini, akitazama sufuria, kwamba Jumapili watoto wakiwa shule ya Jumapili kanisani na mdogo amelala, wao walibaki nyumbani, na mpira ulipasuka. Wakaogopa sana. Lakini wakakumbuka somo langu, ambalo dada alikuwa amemsimulia mumewe neno kwa neno, pamoja na kibao chake. Fomeni akapanda baiskeli mchana ule ule hadi mjini, akanunua vidonge kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la dawa. Mzee yule alianza kumweleza jinsi ya kuvitumia, lakini watu walikuwa wameingia dukani, na Fomeni, ambaye ni mzee wa kanisa, alimkatiza akamwambia anajua, amefunzwa.

"Na nimeandika," Fomeni akasema, akionyesha mlango kwa kidole. "Kesho saa nne kamili anameza. Sitaki ifike hata saa nne na dakika moja."

Nikasimama pale, niseme ukweli, nimejaa fahari. Kunguni hawakuwepo. Lile lilikuwa somo langu, limeandikwa kwa chaki mlangoni mwa mtu mwenye heshima zake. Nilimsifu. Nilimwambia kama wafanyakazi wote wangekuwa na nidhamu kama yake tungekuwa mbali. Dada hakusifu kitu. Alitoa kipakiti chini ya godoro akanipa, akasema anaomba nimsomee karatasi iliyomo, maana ina maandishi madogo ya Kiingereza na anataka kujua kama kesho atameza vyote viwili kwa pamoja au kimoja kimoja, na kama atakunywa na maziwa.

Nilikaa kitandani, nikakunjua ile karatasi, nikakohoa kama mtu anayesoma risala, nikaanza kusoma kwa sauti na kutafsiri. Dawa hii ni ya kuzuia mimba. Naam. Inamezwa baada ya tendo. Naam. Inamezwa mapema iwezekanavyo. Sauti yangu ikapungua. Nikaruka mbele nikitafuta pale penye sabini na mbili, nikapaona, napo palisema hivi: isicheleweshwe kupita saa sabini na mbili.

Nilirudia kusoma kimoyomoyo. Nikageuza karatasi nyuma, nikitumaini kwamba nyuma wanasema vingine. Nyuma palikuwa na anwani ya kiwanda.

"Mbona umenyamaza?" dada akauliza.

Nimewahi kusema uongo maishani, na ulikuwepo mmoja mzuri ulionijia hapo hapo. Ningesema karatasi inaruhusu kuanza leo. Lakini nilikumbuka wale watoto wakiniuliza kila jioni mama anarudi lini, nikaumeza uongo ule. Nikawaambia nimekosea. Masaa yale si ya kungoja. Ni mpaka. Dawa ilipaswa kumezwa Jumapili ile ile, Fomeni alipotelemka kwenye baiskeli, na kila saa iliyopita tangu hapo imekula nguvu yake.

Dada aliweka mkono tumboni, juu ya kovu. Fomeni alitazama saa ya mkono wa kushoto, kisha ya mkono wa kulia.

"Hamsini na nne," akasema. "Zimeenda hamsini na nne."

Mngedhani hapo angeninyang'anya vidonge amtie mkewe mdomoni. Hapana. Mtu wa miaka kumi na moja ya vibao hageuki kwa dakika moja. Alisema mimi Ijumaa nilifundisha hivi na Jumanne nafundisha vile, je, kesho kutwa nitafundisha nini? Akasema kazini, kabla mtu hajaingia mapema, lazima mkubwa atie sahihi. Aliuliza, kwa dhati kabisa, ni nani atakayetia sahihi. Nilimwelewa. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa hushika kile anachokijua.

"Baba watoto," dada akamwambia taratibu, "mvalishe mtoto kofia. Twende kwa sista."

Zahanati ya shamba ilikuwa ikifungwa saa kumi na moja. Tulitoka ploti tukitembea kama watu wenye heshima hadi tulipopita kona, kisha tukaanza kukimbia. Fomeni alitangulia na mtoto begani, gamubuti zikigonga barabara, dada katikati, mimi nyuma nikiwa na kipakiti mkononi na karatasi yake mdomoni kwa sababu upepo ulitaka kuichukua. Nyanya wa chumba cha kwanza alituona akitoka dukani. Baadaye nilisikia aliwaambia watu kwamba ile sumu ya kunguni hatimaye imewashika.

Sista, muuguzi wa zahanati ile, alikuwa anafunga dirisha. Alikuwa mwanamke mnene asiyetishika, aliyekuwa amezalisha nusu ya Kamere na kuwagombeza nusu nyingine. Alisikiliza kisa chetu chote bila kukatiza, akanitazama mimi kwa muda mrefu, kisha akamimina maji kwenye kikombe.

"Meza," akamwambia dada. "Zote mbili. Sasa hivi."

Fomeni akauliza kama ataandika mahali. Sista akafungua daftari lake, akaandika siku na saa, akatia sahihi kubwa, akamgeuzia aone. Fomeni aliisoma, akailinganisha na saa zake zote mbili, akavuta pumzi.

Dada akameza. Kisha sista akatukalisha kwenye benchi kama watoto wa chekechea akaanza upya somo lililonipita nikiwa na samaki tumboni. Alisema dawa hii kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke, ndiyo maana haraka ni bora. Ikiwa yai limeshatoka haina la kufanya. Hata ndani ya zile siku tatu, ya kwanza inazidi ya pili na ya pili inazidi ya tatu, kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba tumewahi; tumechelewa, lakini hatujachelewa kabisa. Dada aliuliza kitu kilichokuwa kinamkaa moyoni, kama ni dhambi, kama inatoa mimba. Sista akasema mimba ikiwa imeshaingia, dawa hii haiitoi wala haiidhuru, haina habari nayo. Ataendelea kunyonyesha. Haikingi ugonjwa wowote. Na wakikutana tena kesho bila kinga, hii ya leo haiwalindi. Fomeni akasema hakuna atakayekutana na yeyote.

"Na siyo ya kila wiki," sista akaongeza. "Pale grinihausi mna kizimamoto kwa ukuta, sivyo? Umewahi kuona mtu akikitumia kuosha gari? Hii ni kizimamoto. Kinga yako ya kawaida ni sindano, na utakuja uchomwe hedhi ikifika."

Akasema pia jambo la mwisho. Wengine husikia kichefuchefu. Akitapika kabla ya saa mbili kuisha, dawa imepotea, arudi mara moja, hata kama ni nyumbani kwake aligonge dirisha.

Nilimwona Fomeni akinyooka kwenye benchi. Saa mbili za kungoja. Hatimaye mtu amempa saa za kungoja.

Anayeijua Kamere anajua kwamba saa kumi na moja jioni kila jiko huwa na samaki. Samaki wa ziwani, mafuta yaliyotumika jana na juzi, moshi unaoingia hadi kwenye mito ya kulalia. Mtu mwenye tumbo zima hajali. Lakini dada alikuwa ameketi kwenye stuli mlangoni, uso umegeuka rangi, mkono mdomoni, na kutoka vyumba vinane samaki wakaanza kulia kwenye mafuta.

Fomeni alitundika kitambaa chekundu mlangoni. Kisha akazunguka ploti, chumba baada ya chumba, akawaomba watu wasikaange samaki hadi saa kumi na mbili na nusu. Hakuweza kusema kwa nini. Alisema tu ni usalama. Na kwa kuwa ni yeye, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimetundikwa, watu walitii. Majiko manane yalitolewa nje ya lango, wanawake wakakaanga samaki kando ya barabara wakinung'unika, na wapita njia wakadhani ni biashara mpya, wakauliza bei. Nyanya aliuza wawili.

Mimi kazi yangu ilikuwa kumpepea dada kwa kifuniko cha sufuria. Watoto wakubwa walikatazwa kumchekesha. Mtoto mdogo alikatazwa kulia, akakataa. Kila dakika kumi Fomeni alisoma saa, na dada akawa anameza mate na kufumba macho. Ilipobaki dakika tano alicheua kwa nguvu, sote watatu tukasimama, na Fomeni akainua mikono yote miwili mbele ya mdomo wa mkewe kana kwamba angeweza kuvidaka vile vidonge na kuvirudisha. Haikuwa kitu. Ilikuwa cheu tu. Saa kumi na mbili na nusu kamili akashusha kitambaa, na mke wake akaanza kucheka, akacheka hadi machozi, na machozi yakaendelea hata baada ya kicheko kuisha. Fomeni alichuchumaa mbele yake akamshika miguu. Mimi nikaenda zangu kwa chumba changu, maana pale hapakuwa tena na nafasi ya Ticha.

Jumatano alfajiri, kabla watu hawajagawiwa kazi, niliomba kusema kwenye foleni ya kuitwa majina. Nikawaambia niliwafunza vibaya na nikaeleza jinsi ilivyo, polepole, mara mbili, bila utani. Wakati nasema, niliwaona wawili wakitazamana. Msichana mmoja wa kukata maua alianza kuhesabu kwa vidole, akafika kidole cha nne, akaondoka kwenye foleni akielekea kwa sista bila kuomba ruhusa. Sikulala vizuri wiki hiyo.

Fomeni alikuwa amesimama nyuma na kikosi chake. Nilipomaliza alikuja mbele na kibao chake, kile cha kazini, na mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema maneno kumi kwa mpigo akasema:

"Saa za kibao hiki zinakuzuia kuingia. Hizo zingine zinakukimbiza. Mtu asichanganye kama vile kuna wengine walichanganya."

Hakuna aliyemwuliza ni wengine gani.

Zilibaki siku kumi na mbili hedhi ya dada ifike, na sista alikuwa amesema inaweza kuwahi au kuchelewa. Ikipita wiki nzima, aje apimwe mkojo. Fomeni hakufuta mlango. Aliandika chini ya mistari ile miwili mstari wa tatu, KUNGOJA, na tarehe. Ploti ikaamini kunguni wa chumba cha tatu ni wa kabila lingine. Nyanya alinishauri nihamishe kitanda.

Tarehe ikafika, ikapita. Siku moja, siku mbili. Dada alifanya kazi, akapika, akanyonyesha, na hakuniambia lolote, hata bombani, na ukimya wake ulinichoma kuliko matusi. Nilijaribu kumfulia nguo za mtoto akanishukuru kama mgeni. Siku ya nne nilimwona amesimama peke yake nyuma ya vyumba, amewatazama watoto wake wakicheza, na kwa jinsi alivyokuwa akiwatazama nilijua alikuwa anawahesabia nani atawalea. Nikarudi ndani nikalia. Niliapa nikipewa nafasi nitakuwa mtu wa kusikiliza swali hadi mwisho wake.

Jumamosi, siku ya tano, nilikuwa bombani asubuhi. Dada alitoka na ndoo na kitambaa. Hakunisalimu. Alikichovya kitambaa, akakikamua, akaanza kufuta mlango. Alianza na IMEPIGWA. Akafuta polepole, herufi moja moja, kisha akafuta KUINGIA.

Hedhi ilikuwa imefika. Nilikaa chini kwenye saruji yenye maji, nguo zote zikalowa, na sikujali.

Nyanya alichungulia kutoka chumba cha kwanza. "Wameisha?" akauliza.

"Wameisha, nyanya," dada akajibu.

Kisha akaja bombani kusuuza kitambaa. Alisimama mbele yangu akanitazama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Jumapili ile nilikuwa nimeshika hiyo dawa kwa mkono," akasema. "Nilimwuliza mara tatu, uko sure ni kungoja? Akasema saa ni saa, Ticha amesema. Mimi nilimwamini bwanangu. Bwanangu akakuamini wewe. Sasa wewe ulimwamini nani?"

Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na jibu lililotangulia swali. Maji yalikuwa yanamwagika bombani. Niliwaza mwalimu, ubao, daftari la jirani, ile mistari miwili niliyoipiga chini ya kitu nisichokijua.

"Hakuna," nikamwambia. "Nilikuwa nimelala."

Halafu akakamua kitambaa akanirushia kifuani, kibichi na cheupe kwa chaki.

"Basi kama umeamka," akasema, "malizia mlango."

Nikainuka. Ulikuwa umebaki mstari wa tatu.